Dereva wa Mikate Amelala

—akamnyang'anya kengele! Mjomba wangu mwenyewe, kaka wa mama yangu, tumbo moja, kamnyang'anya mkurugenzi kengele mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto wembe. Tena hakuvuta. Aliifumbata tu, ule ulimi wa ndani usigonge, akasimama nayo kifuani hivyo hivyo, mgongo kwenye mlango wa chumba cha pili, miguu imeachana, macho mbele kana kwamba sisi wote pale koridoni ni ukuta. Mkurugenzi kabaki na mkono hewani. Na mimi ndiye niliyemwombea kazi mtu huyu.

Ngoja. Ngoja nianze vizuri, maana nikienda hivi hamtaelewa kitu na mimi nitapasuka.

Kwanza mkijue kituo chetu. Ni kituo cha ushauri nasaha, nyumba ya kuishi ya zamani iliyogeuzwa ofisi. Sebule ndiyo mapokezi, jiko ndiyo stoo, vyumba vya kulala ndivyo vyumba vya mazungumzo, na choo bado kina vigae vya maua ya waridi. Wanakuja pale watu waliopatwa na mambo mazito: ajali, moto, vita, mtu aliyeona kitu na macho yamekataa kukiachia. Kiwewe, kwa neno moja. Mimi niko pale kwa mazoezi ya kazi, nimetoka chuo juzi tu, na shughuli yangu kubwa ni kupokea watu, kupanga viti na kukaa pembeni kimya nikijifunza. Kukaa kimya, mimi. Mama akilisikia hilo hucheka mpaka anashika ukuta.

Mkurugenzi tunamwita Mama Kengele, mwenyewe hajui. Ana kengele ndogo ya shaba. Muda wa mazungumzo ukiisha anapita nayo koridoni anaigonga. Kituo cha watu wanaoruka kijiko kikidondoka, na sisi tunagonga kengele. Nilishamwambia, kwa adabu zote. Akanijibu, "Binti, mtu aliyevurugikiwa anahitaji kujua jambo linaanza wapi na linaishia wapi." Na siwezi kumsengenya sana, maana watu aliowasimamisha yule mama ni wengi, wengine wanamletea watoto wao awabebe. Lakini kengele jamani.

Halafu ndiyo Mjomba.

Mjomba kakaa jeshini mpaka kastaafu, sajini. Alipostaafu ukoo mzima ulijua atafuga kuku. Mwenzenu kaja kujiandikisha chuoni, kozi ile ile ya ushauri nasaha, darasa lile lile na mimi. Mnayajua mateso ya kusoma darasa moja na mjomba wako? Anafika kabla ya mfagizi. Shati limenyooshwa mpaka linaweza kusimama peke yake. Mwalimu akimuuliza swali anasimama wima ndipo anajibu. Wenzetu wakamwita Afande, mimi nikaitwa Mpwa wa Afande, jina langu nililopewa na wazazi likafia hapo. Na mtihani akanipita. Nadharia zote kazimeza na maji juu.

Nyumbani ndiyo usiseme. Mjomba ukimwambia angalia maziwa yasimwagike, ataangalia maziwa mpaka mwisho wa dunia. Hata maziwa yakiepuliwa hatoki pale jikoni mpaka mtu aje asimame karibu na jiko na aseme, "Nimepokea." Ukipita tu ukamwambia, "Mjomba, tumeshaepua, njoo ule," hasogei. Anauliza, "Nani kapokea?" Mama siku moja alimrushia mwiko. Sisi watoto tulikuwa tunadhani ni utani. Si utani. Ndivyo alivyofunzwa: mtu haachi lindo kwa sababu amechoka wala kwa sababu pametulia, anaacha pale mwingine anaposimama mahali pake na kusema limekuwa lake.

Sasa huyu bwana alipopata nafasi ya majaribio kituoni, akaamua mambo ya jeshi anayaacha getini. Kitabu kinasema mshauri asijilete yeye mwenyewe chumbani, basi Mjomba hakujileta hata kidogo. Akajigeuza kitabu. "Unajisikiaje kuhusu hilo?" anauliza, lakini sauti ni ile ile ya gwaride, mtu anajibu, "Vizuri, mkuu," na kesho yake haonekani. Yule mama aliyeunguliwa na duka, Mjomba alimfundisha kuvuta pumzi na kuishusha taratibu, ni jambo zuri kabisa, tulifundishwa wote. Sema yeye aliliamrisha kwa sauti mpaka mtu wa chumba cha jirani naye akawa anavuta na kushusha. Yule mama aliniaga vizuri pale mapokezi, akasema atarudi. Mpaka leo yuko njiani anarudi.

Wakamwishia hivyo, mmoja mmoja, mpaka akabakiwa na dereva wa mikate peke yake. Mkurugenzi akamwita akamwambia, "Afande, na huyu akiondoka, mimi na wewe tutaagana kwa wema." Mjomba akajibu, "Sawa, mama," akaja kuniuliza kwa nini watu hawarudi. Nikamwambia, "Mjomba, unatisha." Akaniuliza, "Kwani nimemgombeza nani?" Ningeanzia wapi mimi.

Dereva wa mikate ni mtu mrefu, mpole, alikuwa askari zamani. Sasa anaendesha gari la kiwanda cha mikate, na kila akija nguo zinanukia mkate wa moto mpaka tumbo langu linaunguruma mbele ya watu. Shida yake halali. Usiku anachukua kiti, anakiweka nyuma ya mlango wa nyumba yake, anakaa anatazama kitasa mpaka kunakucha, halafu anaoga anakwenda kushika usukani. Wiki iliyopita mtoto wao wa mwisho alitoka chumbani gizani anaelekea chooni. Hajafika. Baba yake alishamlaza chini, mkono kwenye shingo, ndipo akamtambua.

Mtoto hakuumia. Lakini sasa anakojoa kitandani, maana pale mlangoni hapiti.

Haya yote kanieleza mke wake. Ni fundi cherehani, na kila mume akiingia chumbani yeye hukaa na mimi mapokezi anapindia pindo za sare za shule kwa mkono. Juzi kakata uzi kwa meno, kaniambia, "Mdogo wangu, Jumamosi nawachukua watoto nakwenda kwa dada yangu."

"Umeshamwambia?"

"Nimemwambia. Unajua kanijibu nini? Kasema ni vizuri, kwa dada mlango ni wa chuma."

Sikujua nicheke au nilie.

"Mimi naondoka na wanawe," akasema, "yeye anasifia mlango."

"Unamwogopa, dada?"

"Simwogopi. Nimechoka. Kila usiku namfuata, namshika bega, namwambia baba watoto, pako salama, njoo ulale. Nikishasema hivyo ndiyo anazidi kukaza macho. Kama nimemtukana mama yake."

Jumamosi yenyewe ni kesho. Kwa hiyo leo asubuhi, wakati napanga viti chumba cha pili, nilikuwa najua hii ndiyo mara ya mwisho dereva anakuja akiwa bado na familia ndani ya nyumba. Na Mjomba alikuwa anajua. Alinyoosha shati mara mbili, namfahamu, mikunjo ya mikono ilikuwa inaweza kukata mkate.

Basi dereva akaingia. Kiti cha anayeshauriwa, kwa mpango wa mkurugenzi, kinaupa mlango mgongo, ili wapita njia wasimchanganye. Akakaa. Shingo ngumu kama mpini. Kila hatua koridoni, bega linaruka.

"Unajisikiaje leo?" Mjomba akauliza.

"Vizuri."

"Vizuri kwa namna gani?"

"Vizuri tu."

Mimi pale kwenye kigoda changu nilikuwa naitafuna pipi kwa hasira mpaka taya zinauma. Mjomba akakohoa, akasema kile kipande cha kitabu ambacho mimi na yeye tulikikariri pamoja chini ya ngazi za chuo. "Fumba macho. Jiambie taratibu: niko salama. Hapa ni mahali salama."

Dereva akasimama. Akachukua kofia yake. "Afande, nashukuru kwa muda wako," akasema. "Mimi naenda. Hata wewe."

"Hata mimi nini?"

"Hata wewe unaniambia pako salama."

Nikajua tumekwisha. Kesho cherehani inapakiwa, watoto wanapakiwa, Mjomba anafuga kuku. Lakini nikamtazama Mjomba, nikaona uso wake umebadilika. Kile kitabu kimedondoka. Akawa yule mtu wa maziwa jikoni.

"Nani wa kwanza kukuambia pako salama?" akauliza. Hata sauti ilishuka, jamani, sijawahi kuisikia ikiwa chini namna ile.

Dereva kashika kitasa, hageuki. Akasema, "Darajani."

"Nani?"

"Mkubwa mmoja, alikuwa anapita na gari. Tulikuwa tumelinda daraja siku nyingi, macho yameingia mchanga. Akashusha kioo, akasema pametulia, pako salama, nyinyi nendeni mkalale. Tukaenda."

"Na nani alikupokea lindo?"

Nikasikia mkasi wa yule fundi unakata kitambaa kule mapokezi.

"Sikuulizi kosa," Mjomba akasema. "Uliamriwa, ukatii, mimi pia ningetii. Nauliza tu. Nani alisimama pale uliposimama wewe, akasema nimepokea?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna?"

"Hakuna, Afande. Kulipokucha..." Hakumaliza.

Sasa chuoni tungesema hapo ndipo pa kuchimba, muulize kulipokucha kulikuwa na nini. Mimi mwenyewe mdomo ulishafunguka. Mjomba akaninyooshea kidole bila kunitazama, nikaufunga. Akamwambia dereva, "Basi wewe hujatoka lindoni. Ndiyo maana hulali. Mtu aliye lindoni halali, na hapaswi."

Yule mtu akageuka. Ile sura nitakufa nayo. Kama mtu aliyekuwa anaongea lugha yake peke yake miaka yote, leo kajibiwa.

Mjomba akazunguka, akaenda akasimama kati yake na mlango. "Nipe hali ya lindo."

Dereva akacheka, kicheko kikavu. "Afande, hapa ni ofisi."

"Naijua ofisi, nalipwa hapa. Nipe hali ya lindo."

Na nyie, akampa. Akanyooka, akasema kwa pumzi moja: "Mlango mmoja, kitasa chake kimelegea. Dirisha moja, nondo nzima. Koridoni mwanamke mwenye visigino anapita kila baada ya muda, na mwingine aliyekuwa anaburuta ndala, sasa hapiti. Binti mmoja ndani, ana pipi mdomoni. Mengine hakuna."

Anayeburuta ndala na mwenye pipi ni mtu mmoja, kwa taarifa yenu. Viatu vya ofisi vinanibana. Nilitazama miguu yangu kwa aibu.

"Nimepokea," Mjomba akasema. "Niko hapa na sitoki. Kapumzike."

Dereva akamwangalia kwa muda mrefu, kama anayekagua kama huyu mtu ni wa kweli. Halafu akaangalia lile sofa la pembeni lenye chemchemi zilizotokeza, ambalo mtu wa kawaida hawezi kulikalia dakika tano. Akakaa. Akajiegemeza. Kabla hajapandisha mguu wa pili alishalala, mdomo wazi, kofia kifuani.

Mimi nikamfuata Mjomba mlangoni mbio mbio. "Mjomba," nikamnong'oneza, "huu si ushauri. Hakuna sura hata moja kwenye kitabu inayosema umlaze mtu."

"Vua hizo ndala."

"Mjomba."

"Vua, tutoke, ufunge mlango polepole."

Ndivyo alivyoishia kusimama koridoni, na ndivyo muda ulivyoisha, na ndivyo visigino vilivyoanza kusikika vinakuja, ko, ko, ko, na kengele mkononi. Sasa mmefika pale nilipoanzia.

Kilichofuata ni ugomvi wa kunong'ona. Mmewahi kuona watu wazima wanagombana kwa kunong'ona? Mishipa ya shingo imesimama, sauti haipo.

"Afande, nirudishie kengele yangu."

"Nitakurudishia, mama. Akiamka."

"Akiamka nani?"

"Mtu wangu amelala."

"Amelala? Hiki kituo ni nyumba ya wageni? Chumba kinasubiriwa. Nenda ofisini kwangu sasa hivi."

"Ndiyo, mama. Nikishapokewa."

"Ukishapokewa nini?"

"Siwezi kutoka hapa mpaka mtu anipokee, mama. Nimempa neno langu."

Mkurugenzi akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. "Binti, mwambie mjomba wako."

"Mjomba, jamani," nikasema. Ndiyo msaada niliokuwa nao.

Mkurugenzi akausukuma mlango kidogo tu, akachungulia juu ya bega la Mjomba. Akakaa hivyo. Aliporudisha kichwa alikuwa bado kakunja uso, lakini mkunjo mwingine. Nyuma yetu fundi cherehani alishafika, pini ziko mdomoni, naye akachungulia. Akazitoa zile pini moja moja, akazichoma kwenye kola yake. Halafu akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Anakoroma," akasema.

"Dada, pole," nikamwambia.

"Pole ya nini? Anakoroma. Huo mkoromo sijausikia tangu arudi. Zamani nilikuwa namziba pua."

Sasa hapo ningependa kuwaambia mkurugenzi alilainika akampongeza Mjomba, yakaisha. Haikuwa hivyo, na mkurugenzi wala hakukosea. Alimsikiliza Mjomba akimnong'oneza habari ya daraja na lindo, fundi naye akisikia, kisha akakunja mikono, akamuuliza, "Sawa, Afande. Hapa umemshikia lindo wewe. Usiku kwake atashikiwa na nani? Unahamia kwao?"

Mjomba akaitazama ile kengele aliyoifumbata.

"Ulilifikiria hilo?"

"Nililifikiria, mama."

"Na?"

"Bado naendelea kulifikiria."

Ningeweza kumpiga. Mtu kafanya jambo ambalo kituo kizima kimeshindwa, kumbe kalifikiria nusu. Kamlaza mtu, hajui atamwamshia wapi. Ndiyo Mjomba huyo, pasi inanyoosha mbele ya shati, nyuma kasahau.

"Nipeni mimi," akasema fundi kutoka sakafuni.

Mjomba akamwinamia, bila kusogeza miguu yake kutoka pale mlangoni. "Mama, si neno la kusema tu. Akikupa, uwe umepokea kweli. Ukisema nimepokea halafu ukageukia ukutani ukalala, umekuwa yule mkubwa wa kwenye gari."

"Nani kakwambia nitalala? Mimi naamka kushona kabla hata jogoo hajafikiria kuwika. Hizi sare zinajishona zenyewe? Cherehani yangu iko pale pale karibu na mlango, taa iko pale pale. Naamka, namkuta kwenye kiti chake, tunakaa wawili mpaka asubuhi, mimi nashona, yeye analinda. Miaka hiyo yote." Akazigusa pini za kwenye kola. "Miaka hiyo yote nimekaa macho mlangoni, kumbe hakuna aliyemwambia ni mimi niko zamu."

Mkurugenzi akamwangalia fundi, akamwangalia Mjomba. "Kwa hiyo yeye alinde mwanzo wa usiku, mama akiamka ampokee."

"Ndiyo," Mjomba akasema haraka, kama aliyekuwa nalo siku zote.

"Usijifanye, Afande. Na lile la mtoto na choo?"

"Mlango wa nyumba uwe wake," fundi akasema. "Koridoni kwa watoto nitaweka taa."

"Na hiyo haitoshi," mkurugenzi akasema. "Kulala ni kulala. Habari ya daraja itabaki pale pale. Lazima aje aiseme, taratibu, siku akiwa tayari, si kwa amri. Umenisikia, Afande? Si kwa amri." Akashusha pumzi. "Njoo ofisini tuongee."

Mjomba hakusogea.

Wote wakanitazama mimi.

Mnajua nimemcheka mtu huyu maisha yangu yote? Maziwa, pasi, nani kapokea. Na leo niko pekupeku koridoni, nimeshika ndala mkononi, natakiwa nifanye ule ule upuuzi mbele ya bosi wangu. Nikatema pipi kwenye karatasi. Nikasimama mbele yake.

"Nipe hali ya lindo, Mjomba."

"Mtu mmoja, amelala," akasema, uso mkavu kabisa. "Mke wake yuko sakafuni, ni mzima. Mkurugenzi amekasirika kiasi. Kengele moja, isilie."

"Nimepokea."

Akaniwekea kengele kiganjani, akanifunga vidole juu yake kimoja kimoja, akaondoka. Nikaweka mgongo mlangoni.

Nyie, kusimama kunauma. Kwanza kisigino, halafu kiuno, halafu pua inaanza kuwasha. Mtu aliyepangiwa chumba kile nikamwelekeza akasubiri stoo, nikichezesha mdomo bila sauti kama samaki. Kila mtu akipita namkazia macho. Halafu kule nje kitu kizito kikaanguka, ndoo ya mfagizi nadhani, ikabiringika sakafu nzima, na ndani ya chumba mkoromo ukakatika.

Nikasikia chemchemi za sofa. Nikasikia sauti nzito, iko karibu sana na mlango kuliko nilivyodhani mtu anaweza kufika kwa muda ule. "Nani yuko mlangoni?"

Nusura niseme usijali, pako salama. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Mimi," nikasema. "Wa ndala. Afande kaitwa, nimempokea. Imeanguka ndoo."

Nikaufumbata ulimi wa kengele kwa vidole vyote.

"Sawa," ikasema ile sauti. Chemchemi zikalia tena. Na mkoromo ukarudi.

Mimi nikalia, ndiyo, semeni mtakavyo. Nilikasirika, nililia kwa hasira. Miaka yote chuoni hakuna aliyeniambia kwamba kitu kidogo namna ile ni kizito namna ile.

Alipoamka mwenyewe jua lilishazunguka upande wa pili wa nyumba. Alitoka na alama ya kifungo cha sofa shavuni, akauliza gari lake la mikate kama liko sawa. Mke wake akasimama. Mjomba karudi, mkurugenzi kamfuata, wakamwambia wamefikiria nini, naye akasikiliza kichwa kimeinama. Kisha wakajaribu pale pale, mlango wa mapokezi ukiwa ndiyo mlango wa nyumbani.

Fundi akaharibu mara ya kwanza. Mazoea. Akamshika bega, akasema, "Baba watoto, pako salama, njoo—" na sote tukaiona ile shingo inavyokaza.

"Mama," Mjomba akasema, "usimwambie pako salama. Hujui kama pako salama, na yeye anajua hujui. Mwambie tu uko macho."

Fundi akajifuta uso kwa kile kitambaa cha sare. Akaanza upya. "Nipe mlango, baba watoto. Niko macho."

Dereva akaugusa mlango kwanza. Halafu akasema, polepole, "Kitasa kinashika. Komeo la juu gumu, sukuma kwa bega. Paka wa jirani hupita darini, usishtuke."

"Nimepokea," fundi akasema. "Na huyo paka namjua kuliko wewe."

Ndiyo mara ya kwanza nimemwona yule mtu anatabasamu.

Lakini mizigo imeshafungwa. Fundi alinambia wazi wakati namsindikiza getini: mabegi yako chini ya kitanda, dada yake anawasubiri kesho, na leo usiku ndiyo jaribio. Akilala, anayafungua. Asipolala, anaondoka, na hatagombana na mtu. Mkurugenzi naye kamwambia Mjomba mbele yangu, "Kesho asubuhi nataka kusikia. Amelala kwake, tutakaa wewe na mimi tuzungumze mkataba. Hakulala, tutazungumza pia, ila kwa ufupi." Mjomba akajibu, "Sawa, mama," akaenda kunyoosha shati la kesho, sijui la nini, Jumamosi hafanyi kazi.

Kengele hakuna aliyeiuliza. Iko kwenye mkoba wangu, nimeizungushia soksi.

Fundi kaniahidi, akishamaliza kushona pindo la kwanza na kukiwa kumekucha, atanipigia kabla hajampigia dada yake. Kwa hiyo msinisumbue sasa hivi, sijui zaidi ya mnavyojua nyinyi. Simu nimeiweka chini ya mto. Kesho ikishaita, mje niwaambie mabegi yako wapi.